Kikasha cha Ugoro Ulichoninyima

Mpendwa Mjomba,

Tangu tukuzike nina swali. Kwa kuwa hutajibu, naliuliza mbele za watu.

Ni kuhusu kile kikasha cha ugoro. Mimi nilikiita "chetu," wewe ulikiita "changu." Kimechongwa kama chifu wa mti mweusi, ameketi kitini, kilemba chake kimepinda nyuma kama mabawa, mgongoni kabeba kipipa cha tumbaku. Ulinifundisha kwamba kwetu Wachokwe watu wa kawaida walitia ugoro wao kwenye kibuyu au kipande cha mwanzi. Kitu kilichochongwa namna ile kilikaa barazani kwa chifu, na mgeni alijua cheo chake kwa kuangalia kama kimefunguliwa kwa ajili yake. Kilimfikia babu kutoka kwa mjomba wake, kikakufikia wewe, hadi kwenye fleti yetu ya Sharpstown, huku Houston.

Mimi hukuwahi kunifungulia.

Kisha akaja yule mzungu mwenye duka la vitu vya Afrika. Alikigeuza mikononi, akaacha namba yake ya simu. Wiki ile kikasha kikatoweka juu ya kabati. Nilipouliza ukajibu, "Kipo." Ukaendelea kunywa chai.

Nilijua umekiuza. Halafu nikamshuku Papa Odette, rafiki yako wa Haltom City, aliyekuwa akija Houston kila mwezi na kuondoka na mfuko asiotaka nimbebee. Nilikuwa nikimsindikiza hadi kwenye gari ili tu niuangalie ule mfuko. Hata ulipolazwa hospitali, nilikaa kando ya kitanda nikiutazama uso wako, nikitafuta uongo.

Siku ya matanga Papa Odette alinivuta jikoni, akafungua taulo. Chifu akatokea.

"Mzee alinipa nikichunge," akasema. "Aliogopa utamuuzia yule mzungu."

Nilifungua kifuniko ili mikono yangu iwe na kazi. Tumbaku iliyokuwamo ilikuwa laini, inanukia, imesagwa juzi tu. Wewe ulikuwa umelala hospitali miezi miwili.

"Hii nani ameweka?"

Akatazama sinki. "Wageni wakija kwangu nilikuwa nakiweka mezani. Mimi kule ni mfunga maboksi tu, unajua. Lakini wazee wa kwetu walipokiona walianza kusimama nikiingia. Wakaniletea kesi zao za ndoa niwaamulie." Akalikunja taulo. "Nimekirudisha. Ningeweza kukaa nacho."

Ni kweli, angeweza. Nilimshukuru, naye akarudi sebuleni, akaketi na waombolezaji wengine kwenye viti vya plastiki.

Sasa kiko chumbani kwangu, na mlango naufunga. Yule mwenye duka alipiga simu kutoa pole. Sijui nani alimwambia umefariki. Nilimjibu hakiuzwi. Akacheka kwa upole, akasema atanipa muda.

Papa Odette nimemsamehe bila shida. Alipenda kuheshimiwa, nani hapendi? Wewe ndiye unayenishinda, Mjomba. Tulikula sahani moja, tulitumia ufunguo mmoja, nami ndiye niliyekukata kucha ulipokuwa huwezi tena. Kwa nini hukuniuliza kama ningekiuza? Neno moja tu, ningekujibu.

Pumzika, hata hivyo.

Ni mimi, mtoto wa dada yako.