Note ya chini yenye tonton Clément alisoma

Plamedie, nimejifungia mu twalete ya kwa tonton Clément. Naona haya kutoka.

Unajua blogi ya famille yetu. Mu fichier ya Markdown, ile maandishi yenye site inageuza kuwa page, ya histoire ya kambo yetu, baba ya tonton Clément, nilitia note ya chini, ya kujikumbusha mi mwenyewe tu. Nilizania itabakia mu fichier. Kumbe site iliitia chini ya page, na numero yake.

Leo tonton alisomea bantu bote ile page kwa sauti. Alifika pale chini:

«2. Tonton Clément anasema kambo alikuwa machiniste, mwenye kuendesha train. Anadanganya. Kitabu yake ya kazi inasema alikuwa anafagia mavagon.»

Alisoma mupaka mavagon, Plamedie. Yote.

Akaniangalia: «Mi sikudanganya. Baba mwenyewe aliniambia vile.»

Iko na miaka makumi saba. Njo leo anajua kama baba yake njo alimudanganya.