Waya Mdomoni, Tarumbeta Mkononi

Jumapili, Nalufenya, hapa Jinja. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka kali. Nimekaa barazani na kikombe cha uji, maana mdomo wangu wa juu umevimba kama andazi. Nguo za safari bado ziko kwenye begi. Zitafuliwa baadaye. Nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Nilipiga!

Nianze mwanzo, kwa sababu nikirudi kusoma ukurasa huu mwakani nitakuwa nimesahau jinsi nilivyoogopa.

Mwezi uliopita niliwekwa waya za meno. Mimi huyu, mtu mzima, mama wa mtoto wa darasa la nne, karani wa duka la vipuri vya malori. Meno yangu yalipandana tangu utotoni na nilikuwa nimechoka kutafuna upande mmoja. Madereva Wakenya wenzangu wanaopita dukani wakishuka kutoka Malaba wamekwishanibatiza Mama Waya. Mmoja aliniuliza kama nikifungua mdomo nashika stesheni za Nairobi. Nikamwambia nashika, ila matangazo ya vifo tu. Alilipia beringi zake haraka.

Kusema kweli, nazipenda. Sikutegemea. Kila baada ya chakula nasimama mbele ya kioo na tochi ya simu, napiga mswaki laini juu ya waya, kisha chini ya waya, halafu nachukua kile kiburashi chembamba cha kupenya katikati na kukwangua kila kona. Mwisho nasukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Najiona fundi kabisa. Hata vipira vya rangi nilichagua mwenyewe, bluu, vilingane na sare ya bendi.

Chakula ndicho kimeniadhibu. Jinja hii miwa inauzwa kila kona, imeshamenywa na kukatwakatwa kwenye mfuko, inakusubiri wewe tu. Napita nikitazama ng'ambo ya barabara. Mahindi ya kuchoma, kwaheri. Karanga kavu, kwaheri. Chapati nairarua vipande vidogo kama ninayelisha vifaranga, na binti yangu ananicheka.

Lakini kilichoninyima usingizi si chakula. Ni tarumbeta.

Mimi ndiye tarumbeta ya kwanza katika bendi ya kanisa letu. Ukipiga, unabana mdomo kati ya tarumbeta na meno. Ukiwa na waya, mdomo uko katikati ya chuma na chuma. Mazoezi ya kwanza baada ya kliniki nilipuliza ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua, na nilipotoa tarumbeta kulikuwa na damu.

Kiongozi wetu ni Afande Opio, askari magereza mstaafu kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda. Kifimbo chake hukishika kama bado yuko kwenye gwaride. Alisimamisha bendi nzima.

"Wewe madam, hii ni nini? Mbuzi iko kanisani?"

"Afande, mdomo unauma."

"Daktari alikupa nta. Weka nta, piga. Jumamosi kama sauti hakuna, Wafula atapiga. Bibi harusi hawezi ngoja meno yako."

Wafula ndiye tarumbeta ya pili. Ni mpigaji mzuri na hana hila, kwa hiyo sikuweza hata kumchukia. Ila harusi ilikuwa ya Nambozo, rafiki yangu wa kwaya, kwao Mbale, na Nambozo aliniomba mimi kwa jina langu nimpigie wimbo wa kuingilia kanisani. Peke yangu, bendi ikiwa imenyamaza. Nilimwahidi kabla sijakiona kiti cha daktari.

Basi wiki nzima nikawa nafinyanga vipunje vya nta, nabandika juu ya vile vyuma vya mbele, napiga chumbani hadi jirani anagonga ukuta. Siku moja sauti inakuja, siku mbili inakataa. Niliomba hadi Mungu akachoka kunisikia.

Jana tulifika kwa kina Nambozo mapema, chini ya Wanale, mlima umefunikwa na ukungu nusu. Shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alitupokea kwa "Mulembe!" Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, hiyo ndiyo salamu yetu pia, nikaitikia kwa moyo wote. Hapo ndipo nilipojiponza. Alipogundua mimi ni mtu wa nyumbani, alinijazia sahani ya malewa kwa mkono wake.

Malewa ni machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga za kusaga. Ni matamu kupita kiasi. Ni nyuzinyuzi pia. Mgeni yeyote wa Jinja angeweza kusema ana meno mabovu, wangemwelewa. Lakini Mbukusu kukataa malewa huku Bugisu, tena baada ya kuitikia mulembe? Ningekuwa nimemtukana senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, mbele ya wakwe. Nikala. Akaongeza. Nikala tena.

Nilipopitisha ulimi nilitamani ardhi inimeze. Nta yote ilikuwa imekwenda na chakula, na malewa yamejifunga kwenye waya kila mahali. Nikakimbilia mkoba wangu wenye mswaki na nta. Mkoba ulikuwa kwenye gari la bendi, na gari lilikuwa limekwenda upande wa viwandani kutafuta dizeli ya jenereta.

Kengele ya kanisa ikalia.

Afande alinitazama mdomo, akageuka. "Wafula, jitayarishe."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Nilisimama nyuma ya jiko nikilia kama mtoto, tarumbeta kwapani, na senge akanikuta hapo.

"Mwana wangu, nani amekufa?"

Nikamfungulia mdomo aone. Hakucheka. Alinipa maji moto yenye chumvi nisukutue, akakata uzi mweupe wa mshoni aliyekuwa akimalizia gauni la bibi harusi, akanipa kioo. Nikavuta nyuzi za malewa moja moja, huku yeye ananihimiza, "Ile pale! Ingine iko nyuma!" kana kwamba tunapalilia. Kisha nikamwambia kuhusu nta.

"Nta?" akasema. "Mimi niko na mizinga ya nyuki kule juu. Nta ndiyo shida yako?"

Alirudi na donge la njano lililochujwa safi, linanukia asali. Nikalilainisha kwa vidole, nikabandika. Ilikuwa ngumu kuliko ile ya daktari. Sijui atasema nini akisikia. Nitamwambia tu.

Nilifika mlangoni mwa kanisa nikihema. Wafula alikuwa ameshainua tarumbeta. Aliponiona akaishusha, akarudi nyuma hatua moja, bila kumtazama Afande. Ndugu yule, Mungu ambariki. Afande alikunja uso, akainua kifimbo.

Sikuweza kubana. Hiyo ndiyo siri yote. Kila nilipojaribu kukandamiza tarumbeta mdomoni, maumivu yalinirudisha. Miaka yote Afande anatupigia kelele, "Tumbo! Pumzi ya tumbo, si nguvu ya mdomo!" nasi tunaitikia ndiyo afande na kuendelea kubana. Jana sikuwa na njia nyingine. Nikagusisha tu, nikavuta pumzi hadi mkanda ukakaza, nikapuliza.

Ikatoka. Pana, safi, haikutetemeka. Sijawahi kutoa sauti kama ile tangu nianze kupiga. Nambozo akaingia na baba yake, akasimama kidogo mlangoni, akaniangalia, na mabega yake yakashuka. Alikuwa anaogopa kama mimi! Ile noti ya juu karibu na mwisho, iliyonishinda wiki nzima, niliipiga macho yamefumbwa. Nikaisikia inazunguka kwenye mabati. Senge akapiga vigelegele katikati ya wimbo, na hakuna aliyemnyamazisha.

Damu ilikuwepo kidogo. Hainihusu.

Baada ya ibada nilikuwa nyuma ya kanisa nikifuta tarumbeta, wenzangu wakiwa wamekimbilia wali. Afande akaja, akasimama pembeni yangu. Nikangoja anikaripie kwa kuchelewa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Madam. Hiyo waya. Hata mzee wanaweka?"

Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa amevua kofia.

"Mimi nilikuwa napiga," akasema. "Magereza, solo yote ilikuwa yangu. Halafu meno ya mbele ikaachana, sauti ikaanza kutoroka. Watu niliwaambia ni kifua. Haikuwa kifua."

Nilimfahamu mtu huyu kwa kifimbo tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hashiki chombo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, ila daktari wangu atajua, na kwamba pale kliniki nimewaona watu wa umri wake wakingoja zamu. Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akasema nisimwambie mtu wa bendi. Kwa hiyo Opio si jina lake, na wewe unayesoma hapa ukimjua, nyamaza.

Kisha akavaa kofia, akawa Afande tena.

"Wakiweka, wewe jihadhari. Hiyo kiti ya kwanza ilikuwa yangu."

Kesho nampeleka kliniki. Nimeshaomba ruhusa dukani. Sijawahi kufurahi hivi kumsaidia mtu anayetaka kuninyang'anya kiti.