Kimya cha Ukurasa wa Arobaini

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayochemka, kwa hiyo salamu zikiwa fupi ujue ni hasira, si dharau.

Unajua ninavyozipenda tamthilia za Kirusi za zamani. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia kitabu jikoni nikikariri, huku ukinung'unika kwamba Warusi hawa kazi yao kunywa chai na kulalamika. Nikakueleza kuwa utamu uko hapo hapo: mtu anasema chai imepoa, kumbe anasema hajapendwa miaka ishirini. Na kati ya sentensi na sentensi mwandishi ameweka neno moja, "Kimya". Hicho nacho kinafanyiwa mazoezi, kina urefu wake.

Basi safari hii nilipewa nafasi niliyoingoja tangu ujana, ya mwalimu mstaafu. Mwongozaji wetu, mtu mwenye haraka kama aliyeacha chungu motoni, akataka vimya vyote vifutwe. Alidai watazamaji watadhani umeme umekatika. Tuligombana wiki nzima mpaka akasalimu amri, lakini hata kuvisoma hakuvisoma.

Nyuma ya pazia, pembeni mwa jukwaa, hukaa mama mmoja na kitabu mapajani, kazi yake kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau. Tunamwita Mama Kitabu. Amekikalia kile kiti miaka thelathini. Kila Kimya amekizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na hanong'oni ng'o penye duara.

Jumamosi, onyesho la kwanza, ukumbi umefurika, nikafika ukurasa wa arobaini. Nikanyamaza. Watu wakatulia, hata wenye vikohozi. Ndipo Mama Kitabu akaninong'oneza, mara mbili, na ile ya pili ikasikika mpaka safu ya mbele. Mtu akacheka.

Nilitoka jukwaani nikiwaka. Mbele ya wote nilimwambia mwongozaji kwamba yule mama ameniharibia kimya nilichokipigania, kwamba masikio yamekwisha na macho hayaoni hata duara alilochora mwenyewe. Mwongozaji akamwuliza kama ni kweli. Mama Kitabu akafunga kitabu chake, akasema ndiyo, amekosea. Jumatatu akaambiwa akapumzike nyumbani, na kwa lugha ya hapa kwetu kupumzika ni kufukuzwa.

Tangu hapo kila kitu kinanichefua. Mwongozaji, kwa kumtimua mtu wa miaka thelathini kazini bila hata ahsante. Wenzangu, kwa kunipiga mgongoni eti nimetetea sanaa. Na zaidi ya wote nimemkasirikia Mama Kitabu, kwa kukubali kosa. Angefungua tu ule ukurasa, angenimaliza.

Maana ukurasa wa arobaini hauna Kimya, dada. Hauna duara. Nilisahau. Maneno yote yalinitoka, hata jina la mke wangu wa kwenye mchezo sikulijua, naye amesimama mbele yangu ananisubiri. Mama Kitabu alifanya kazi yake, mimi nikamchongea kwa aibu yangu. Mwongo mkubwa mimi, na mwoga. Wala si mara ya kwanza. Ilinitokea mara tatu kwenye mazoezi, na zote tatu aliniokoa bila mtu kushtuka.

Alipokuwa akiondoka na mkoba wake nilimfuata mlangoni. Nilitaka anitukane. Badala yake aliniambia, kwa sauti yake ileile ya nyuma ya pazia, kwamba kiti kitapata mtu, ila mimi niende hospitali upesi, maana yeye amekuwa akihesabu. Nilimfikiria baba, na wewe unakumbuka baba alivyoanza.

Kesho asubuhi, kabla ya mazoezi, nitasimama mbele ya wote niseme ukweli, arudishiwe kazi yake. Nafasi ya mwalimu wampe wanayemtaka. Kisha nitakwenda kupimwa, na ningependa uje tuongozane.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Barua hii naiposti leo hii, ili kesho nisije nikasingizia kwamba nimesahau.

Ni mimi,
mdogo wako.