Managu ya Shamba Letu

Free Area, Nakuru

Mpendwa Wairimu,

Huku tuko salama. Goti la shosho, nyanya yako, limepata nafuu, na shangazi yako wa kule Bahati ameshapanda viazi.

Unasema huko Uswidi mtu yeyote huingia msitu wa mtu mwingine akachuma matunda ya mwitu, mradi asiharibu mimea wala asisogelee nyumba, na kwamba ni desturi ya zamani. Nami nimesoma hivyo. Sasa unataka kuwaambia wanafunzi wenzako kwamba hata kwetu ilikuwa hivyo, na unaniuliza kama ningeruhusu.

Nikiwa kijana wa umri wako, kabla hatujafukuzwa kwenye shamba letu, nilimkuta jirani, mama mzee, akichuma managu pembeni mwa mahindi.

"Unaiba mboga," nikamwambia.

"Kijana, nani alizipanda?"

"Hakuna. Zimejiotea."

"Basi namwibia nani, Mungu?"

"Shamba ni letu."

Alicheka, akamwaga kikapu chote miguuni pangu, akaenda zake. Nyumbani kwetu hakuna aliyeyataka managu hayo. Kufikia jioni yalikuwa yamenyauka pale pale, nami nikapitia upande wa pili nisiyaone.

Leo sina hata robo ekari, kwa hivyo kusema ningeruhusu ni rahisi mno. Waambie wenzako ukweli: guka yako alipokuwa na shamba, alimfukuza mama wa watu kwa ajili ya mboga ambazo hakuzila.

Ni mimi babu yako,
Guka