Sebule Iliyofungwa

Jumatatu, 3 Februari
Asubuhi nzima kupiga vitu picha. Televisheni, friji, makochi, cherehani zote mbili. Bwana wa bima, yule anayetoka mjini Mansa, anataka kuona kila kilichomo. Benki ilitulazimisha kuikatia nyumba bima tulipokopa. Vyombo niliviongeza mwenyewe. Mume wangu alicheka. Acheke. Makochi yale nimeyapata kwa kuuza samaki sokoni Kashikishi, si yeye.
Bwana alisisitiza: bima inalinda vitu vikiwa ndani ya nyumba hii. Vikitoka, shauri yangu. Neno hilo nimelishika.
Mama mkwe hakula tena. Kesho tunampeleka hospitali.

Jumatano, 5 Februari
Mama mkwe amefariki. Alfajiri, wodini. Nilifika kwake kutoka Pweto, ng'ambo ya mpaka, na mfuko mmoja, na hakuniita mgeni hata siku moja.
Mchana wanaume wa kanisa wakaja kutoa vitu sebuleni. Ndivyo tunavyofanya hapa: sebule inaachwa tupu, mikeka inatandikwa, wanawake wa msiba wanakaa chini na kulala humo mpaka maziko. Vitu vinahifadhiwa kwa jirani. Waliposhika kochi la kwanza, nikasimama mlangoni. Nikasema hapana. Nikasema bima. Mume wangu alinitazama kama hanijui, lakini hakutaka ugomvi mbele za watu. Nikafunga mlango, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kitenge.
Vyumba vya kulala vimejaa watoto. Wanawake wamekaa barazani.

Alhamisi, 6 Februari
Mama Feli amefika kwa boti kutoka Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, si ya pwani. Ndiye mdogo wa marehemu aliyebaki. Mzee, miguu imevimba. Alilia begani mwangu, kisha akaenda moja kwa moja kusukuma mlango wa sebule. Haukufunguka. Nikaeleza habari ya bima, asiransi kama wanavyoiita kwao.
"Asiransi njo kintu gani, mwanangu?"
Nikaeleza tena.
"Aa, bon. Basi tutakaa inje."
Akatandika mkeka wake barazani pamoja na wengine. Nimeona aibu. Halafu nikajiambia aibu hailipi kochi.

Ijumaa, 7 Februari
Mvua usiku kucha, na upepo wa ziwani. Imeingia baraza yote. Niliwasikia nikiwa kitandani: wanavuta mikeka, wanaimba ili kusahau baridi. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Sikuinuka.
Naandika tena. Sikuinuka.
Tumezika leo. Mama Feli alitetemeka makaburini, nikampa sweta yangu. Watu wakanisifu. Mtu mwema, mimi.

Jumapili, 9 Februari
Homa. Mama Feli kifua kimembana, hawezi kumaliza sentensi. Amelazwa, ni nimonia. Daktari anasema kwa umri ule tusubiri, tuombe.
Kama akifa, nimemuua mimi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.
Mume wangu amechukua blanketi, anakwenda kulala kwenye benchi la hospitali. Tangu mazishi hajanisemesha. Mlangoni aligeuka.
"Makochi yako iko kavu?"
Iko kavu. Niliyapangusa vumbi jana.

Jumatatu, 10 Februari
Sokoni sikwenda. Nimempigia bwana wa bima. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba nilifanya sawa. Nikamweleza habari ya msiba, mlango, mvua. Akanipa pole. Kisha akasema kwa upole kwamba ningempigia simu tu. Kila nyumba huku hutoa vitu kukiwa na msiba, wao wanajua. Unawaambia vimehamia kwa jirani gani, na bima inavifuata mpaka virudi. Hulipi kitu.
Simu moja. Nami nilishinda na simu mkononi siku zote zile, nikiulizia bei ya samaki.
Nikakata bila kuaga.

Alhamisi, 13 Februari
Homa imeshuka. Asante Mungu, asante, asante.
Nimempelekea uji Mama Feli. Nimempigia magoti pale wodini, nikamwambia yote, na ile habari ya simu pia. Nilidhani atanitukana. Ningependa anitukane. Alikunywa uji, akauliza binti yangu Gracia yuko darasa la ngapi.
Mume wangu amelala nyumbani leo. Amekula.

Jumapili, 16 Februari
Ametoka hospitali. Kesho anavuka kurudi kwao.
Kabla hajafika, mimi na Gracia tumetoa vitu vyote sebuleni, hadi mapazia. Nikadeki, nikatandika mikeka mipya, nikaweka mito. Nikaacha mlango wazi kabisa.
Amekuja akiegemea mkono wa mume wangu. Nikamkaribisha ndani, nikamwambia sasa kuna nafasi. Alichungulia, akasema nyumba ni nzuri, pasafi. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akajishusha polepole, akakaa chini barazani, mgongo ukutani.
"Acha tu, mwanangu. Niko muzuri hapa, nimekwisha kuzoea."
Hakuwa na hasira. Ningeisikia.
Nimekaa kando yake hapo sakafuni. Tumechambua maharage ya jioni.