Njia ya Kutoka Barazani Hadi Getini

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nisaidie, maana mwenzio siku hizi hata sufuria naunguza kwa mawazo. Mume wangu ni fundi cherehani, mwaka jana alipata kiharusi na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu, na kutoka barazani kwetu hadi getini ni udongo mtupu, mvua ikinyesha unageuka uji na magurudumu yanazama, kwa hiyo mwenzangu alikuwa anashinda dirishani akiutazama mtaa kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto, haongei, hadi alipokuja mkandarasi mmoja ambaye majirani wanamwita Mdomo Asali, akakaa naye, akamweleza jinsi atakavyotandika vitofali vyekundu, njia ipinde taratibu kando ya maua, ikilowa ing'ae, na kiti kiteleze kama kinasukumwa na upepo. Shangazi, mume wangu alicheka! Akaichora ile njia kwa kidole mezani, kwenye unga niliokuwa nakanda. Sasa kila akiamka ni hiyo tu, "Mke wangu, nimeiota tena, nimefika getini peke yangu," na mimi nami nimeanza kuiota, naona mvua imekatika, njia inameremeta, yeye yuko mbele yangu anakwenda, simfikii na wala sitaki kumfikia.

Basi nikamwomba Mdomo Asali anioneshe kazi zake, akanipeleka mtaa wa pili, tukasimama nje ya nyumba yenye njia nzuri ajabu, akasema, "Hii ni mikono yangu, shemeji, ila tusiwasumbue wenyewe, wamelala," na jua lilikuwa limeshawaka, nikaondoka, lakini moyo ukakataa, kesho yake nikarudi peke yangu nikabisha hodi. Mama mwenye nyumba akanitazama juu mpaka chini. "Huyo simjui, dada. Njia hii kaitengeneza kaka yangu." Nilirudi nyumbani, mume wangu akaniuliza, "Umeionaje kazi yake?" nikajibu, "Nzuri sana." Mkandarasi anataka malipo yote kabla hajagusa jembe. Nikisema ukweli, namrudisha mume wangu dirishani. Nikinyamaza, tutaibiwa mchana kweupe. Nifanyeje?

Mke wa Fundi Cherehani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Lakini nitakugombeza kidogo. Miguu ya mumeo ndiyo iliyoishiwa nguvu, akili yake iko palepale. Mtu mzima unamfichia ukweli kama mtoto anayefichiwa sukari! Na huyo anayesema watu wamelala na jua limewaka, ulikuwa unangoja akwambie nini zaidi?

Ulituachia namba yako, nikakupigia kabla ya kuchapisha haya, nikaomba niongee na mwenzio. Ameniruhusu niyaandike maneno yake. Alisema polepole, neno moja moja: "Nilijua, Shangazi. Alisema 'nzuri sana' huku anamimina chai nje ya kikombe. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa ameanza tena kuimba jikoni. Nikasema, acha aote kidogo." Nikakusikia nyuma yake unalia, halafu mkacheka wote wawili, mimi nimebaki nimeshika simu kama mjinga.

Haya, sikilizeni sasa. Mdomo Asali aambiwe hapana, na aambiwe getini, asikaribishwe kiti. Yule mama aliyekufungulia alikutajia fundi bila kuulizwa, nawe ukakimbia! Rudi ukaombe namba ya kaka yake. Mkatazame njia nyingine alizotengeneza, hasa zile zilizokwisha kunyeshewa, na mumeo apite juu ya njia hizo na kiti chake mwenyewe. Kikiyumba, ageni muondoke. Muulizeni fundi atachimba kina gani, atashindilia kwa kitu gani, na maji ya mvua atayaelekeza wapi. Akibabaika kwenye maji, huyo bado. Makubaliano yawe ya maandishi, malipo yafuate kazi, na msimamizi awe mumeo, akae barazani aone kila kitofali kinavyolazwa.

Akishamaliza, msikimbilie kumpa salio. Ngojeni mvua inyeshe, mtoke nje nyote wawili, mtazame maji yanakokwenda.