Asubuhi Kompyuta Ilipotuamsha Mapema

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Kedowa tuko salama, na ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza kama na mimi nimewahi kupotoshwa na saa, vile simu yako huko Uingereza ilijisogeza mbele yenyewe.

Nimewahi. Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye shamba la majani chai. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa imewekewa kalenda ya Uingereza, na saa za huko zilipobadilishwa mwezi wa tatu, nayo ikajisogeza. Nikaiamini kuliko macho yangu, nikapiga king'ora saa kumi na mbili badala ya saa moja. Wachumaji wakafika gizagiza, wengine bado wanafunga aproni.

Mama Nyaboke, mchumaji kutoka Kisii, akachungulia dirishani. "Karani, jua liko wapi?"

Nilijua kazi imeenda. Yeye akawageukia wenzake: "Tuombe."

Waliomba na kuimba mpaka saa moja kamili. Meneja alipokuja akauliza mbona wamefika mapema hivyo. Mama Nyaboke akamjibu, "Tulikuwa na maombi."

Na haikuwa uongo, Chebet. Nikiwa pale dirishani nilisikia wakilitaja jina langu.

Ni mimi, kogo wako.